Jinsi ya Kuwapeleka Walimu Angani Bila Kuwatoa Ukumbini

Hongera, ndugu mratibu. Umekabidhiwa warsha ya siku tatu ya kuwaandaa walimu kufundisha sayansi ya safari za anga. Kazi ni nyeti kuliko inavyoonekana. Mwalimu akirudi shuleni na jambo moja tu analoweza kulifanya Jumatatu asubuhi, mwakani hatakuwa na haja ya kualikwa, na wewe utabaki na ukumbi mtupu na bajeti isiyo na mlaji. Fuata maelekezo haya, hakuna atakayeharibikiwa.

Kwanza mahali. Chagua hoteli ya ufukweni Malindi, yenye kiyoyozi na mapazia mazito. Usidharau mapazia. Kaskazini ya hapo, mwendo wa kilomita thelathini hivi, baharini mbele ya Ngomeni, ndiko Waitaliano walikosimamisha majukwaa yao ya chuma miaka ya 1960, wakarusha satelaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Walimu wa sayansi kukaa siku tatu karibu hivyo na mahali pa kurushia satelaiti ni hatari. Mmoja akifungua pazia, ataanza kuuliza kwa nini watu walitoka Roma kuja kuhangaika na mawimbi ya Ngomeni. Ukimjibu, umekwisha, maana jibu ni somo zima: karibu na ikweta ardhi inakimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, roketi inayorushwa upande huo inapewa kasi hiyo bure, na vipande vinavyodondoka njiani vinaangukia bahari tupu. Mtoto akishajua mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 na ushee, anaugawa kwa saa 24 kwenye daftari lake na kuipata kasi hiyo mwenyewe. Funga pazia.

Asubuhi ya kwanza ni ya usajili, sala, utambulisho na mgeni rasmi, ambaye hotuba yake itaje karne ya ishirini na moja mara tatu na Mirihi mara moja. Kisha zima taa, onyesha video ya roketi ikipaa. Watu watapiga makofi. Hapo sayansi imeshafundishwa; chai iko tayari.

Mwezeshaji naye atoke mbali, kadiri ya nauli. Awe na slaidi nyingi zenye maandishi ya kusomwa na aliyeyaandika tu, na azisome zote, neno kwa neno, akiwa amewapa washiriki mgongo. Akiulizwa swali, aseme litajibiwa kwenye kipindi kijacho. Kipindi kijacho ni kazi za vikundi.

Sasa tahadhari kubwa kuliko zote. Mtu asitaje Uhuru. Sina maana ya uhuru wa kuuliza maswali. Huo ratiba imeshaushughulikia. Nazungumzia satelaiti ya Wamarekani iliyorushwa kutoka hapo Ngomeni tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ikapewa jina hilo la Kiswahili kwa ajili hiyo. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, kwa hiyo ukimtaja yeye pia, wasichana wa nyuma nao watainua mikono, na muda utaisha.

Ubaya wa Uhuru ni kwamba inafundishika. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutafuta miale ya eksirei inayotoka angani, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Ndiyo maana ilibidi ipelekwe juu. Iliizunguka dunia kila dakika 96. Mwalimu mkorofi atawaambia watoto wahesabu ni mizunguko mingapi kwa siku, nao watapata 15 kamili, bila kikokotoo na bila ruhusa yako. Atawapa chungwa la sentimita nane, aseme hili ndilo dunia, halafu awaulize Uhuru ilikuwa juu kiasi gani. Watoto watanyoosha mikono hadi darini. Jibu ni milimita tatu na nusu hivi kutoka kwenye ganda. Mtoto aliyeliona hilo humdanganyi tena kwa video ya roketi.

Inaweza kuwa mbaya zaidi. Uhuru ilijizungusha yenyewe polepole, mara moja kila dakika 12, vipokezi vyake vya eksirei vikifagia anga. Hilo linaigizika. Mwanafunzi mmoja anasimama katikati ya chumba chenye giza na kipande cha bomba la maji jichoni, anajigeuza taratibu, huku wenzake ukutani wameshika tochi. Kila tochi inapopita mbele ya bomba, anapaza sauti; wa pembeni anaandika. Halafu mwenye tochi mmoja anaambiwa aiwashe na kuizima kila baada ya sekunde tano kasoro kidogo, maana ndivyo kilivyokuwa chanzo kimoja kiitwacho Centaurus X-3, kilichopepesa kila sekunde 4.8. Mwingine anamzunguka yule mwenye tochi, akimkinga kila anapopita mbele yake. Katika anga halisi kukingwa huko kulijirudia kila baada ya siku mbili na kidogo, na kwa dalili hiyo wanasayansi wakajua kwamba nyota mbili zinazungukana. Hebu fikiria watoto wa darasa la sita wanang'amua jambo hilo gizani, wanacheka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, na wewe unataka tu watu wasaini fomu ya mahudhurio.

Taifa-1, satelaiti ya Kenya iliyorushwa kutoka California mwezi Aprili 2023, unaruhusiwa kuitaja, kwa picha ya jukwaani na wimbo wa taifa. Usithubutu kuwaonyesha walimu picha za satelaiti zenyewe. Za Landsat na za Sentinel hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mwalimu akiona jinsi Mto Sabaki unavyomwaga tope jekundu baharini msimu wa mvua, ataunganisha sayansi ya anga na mashamba yanayomomonyoka huko bara, na hilo haliko kwenye mada tuliyoombea fedha.

Wajuaji watakwambia kwamba Marekani mwalimu anaweza kuazima udongo na mawe halisi ya mwezini, sampuli sita zilizofungiwa ndani ya kisahani angavu, ila lazima kwanza ahudhurie mafunzo na apewe kibali. Mpango wa ajabu huo: mafunzo yanamwachia mtu kitu mkononi. Sisi tunampa begi lenye nembo.

Siku ya mwisho gawa karatasi kubwa, kila kikundi kichore ndoto yake ya somo la anga. Bandika ukutani, piga picha, bandua. Fomu ya tathmini iulize kuhusu chakula, malazi na ukarimu wa mwezeshaji. Vyeti vitolewe kabla ya nauli, ama sivyo utavitoa kwa viti.

Daima atakuwepo mwalimu mmoja, mara nyingi mama mtu mzima kutoka shule isiyo na umeme, atakayekufuata wakati wa chakula na kukuuliza kama warsha ijayo inaweza kununua mabomba, tochi na machungwa badala ya mabegi. Mwambie wazo lake ni zuri sana. Kisha mweleze kwa upole kwamba hesabu yake ni ndogo mno, mhasibu hataielewa, na hakuna mfadhili aliyewahi kupigwa picha akikabidhi kipande cha bomba.