Kanuni Ninayoisoma Ina Nyuzi Sabini na Nane

Kwa Mwaitu mama yangu na Susu bibi yangu, na jamaa zetu wa Mutomo. Na kwa Mjomba, na wote walioko Wote.

Nawaarifu kuwa mimi ni mzima wa afya, ila kidole changu cha shahada cha mkono wa kuume, ambacho habari zake zitakuja mahali pake. Ama sababu ya kuwaandikia barua ya karatasi, ilhali simu ninayo na nyinyi mnazo, ni kuwa simu ndiyo iliyotutia katika tashwishi hii tuliyo nayo, nami sioni kuwa kinachotia tope kinafaa pia kuoshea.

Mwezi uliopita, hoteli ya pwani ya mashariki ninakotunza ghala ilipofunga milango yake kwa sababu ya masika, kama zifanyavyo hoteli nyingi za Unguja mwezi wa Aprili na Mei, nami nikapewa likizo isiyo na ujira, niliona ni aibu mtu mzima kushinda kitandani akisikiliza mvua juu ya bati. Basi nikajiandikisha katika mafunzo ya siku kumi na mbili, asubuhi mpaka alasiri, kwa ustadhi mmoja wa Mji Mkongwe, nikawapelekea nyote ujumbe wa maneno manne: “Naanza kusoma kanuni Jumatatu.”

Mjomba, kwa kuwa umeishi na shauri la mpaka wa shamba tangu mimi sijaota ndevu, ulisoma neno lile ukaona sheria, ukaenda kwa chifu ukamwomba kesi iahirishwe, maana mpwa wako anarudi wakili. Mwaitu, kwa kuwa hujapata kukosa kanisa Jumapili hata moja, ulisoma neno lilo hilo ukaona Kanuni ya Imani, ukawabashiria kina mama wenzako kuwa dua zako za miaka mingi zimepokelewa, na yule mwanao mzito wa kusali ameguswa huko visiwani. Nasikia kwamba Mutomo nimewekewa zamu ya kuhubiri, na Wote nimefungiwa beberu wa karamu. Mto Athi umetenga Kitui na Makueni tangu dahari, lakini sidhani kama umepata kutenga uvumi wa namna mbili juu ya mtu mmoja, na zote mbili za uongo.

Sikilizeni, basi. Kanuni niliyokwenda kuisoma ni ala ya muziki. Ni sanduku bapa la mbao, la pembe nne, lililokatwa mshazari upande mmoja kama shamba lililopimwa na mpimaji aliyehongwa. Hulazwa mapajani au mezani, na juu yake zimetandwa nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, zikapatikana sauti 26. Nyuzi hizo zamani zilikuwa za matumbo ya wanyama, na siku hizi ni za nailoni. Daraja linalozibeba husimama juu ya ngozi, nami nilipoambiwa kuwa ngozi ile ni ya samaki nilicheka peke yangu darasani, maana kwetu samaki mwenyewe ni hadithi, seuze ngozi yake.

Tulikuwa wanafunzi saba, nami nilikuwa mkubwa wao kwa umri na mdogo wao kwa kila kitu kingine. Ustadhi, mzee mpole mwenye kofia ya vito na ulimi mkali, aliponiuliza kabila nikamjibu, alinitazama kwa taadhima akasema, “Mkamba hawezi kushindwa na nyuzi, na jina lake mwenyewe kamba.” Vijana wakaliokota neno hilo, na kwa kuwa kwa watu wa bahari kamba ni mnyama wa kuliwa kabla ya kuwa kitu cha kufungia, tangu saa ile mpaka leo jina langu hapa ni Kamba Kochi.

Siku ya kwanza hatukupiga wimbo wowote. Siku ya pili kadhalika. Tulikuwa tukilinganisha nyuzi, kila mtu na ufunguo wake, na kazi hiyo siwezi kuieleza ila kwa kusema kuwa ni kuchunga mbuzi sabini na wanane katika vichaka vya Mutomo wakati kila mmoja wao ana shauri lake: unapomrudisha wa sabini, wa kumi amekwisha potea, na unapomfuata wa kumi, wale uliowaacha nyuma wameambukizana uasi. Unyevu wa masika nao huzifanyia nyuzi fitina usiku kucha, hata asubuhi ukija huwakuti mbuzi uliowafungia jana. Susu, wewe uliyesokota nyuzi za katani pajani pako umri wako wote ukifuma viondo, ungezimaliza zote kabla ya chai ya saa nne, na ungepata nafasi ya kunisema. Mimi, siku ya tatu, uzi mmoja niliokuwa nikiukaza kwa ghera kupita kiasi ulikatika ukanipiga kofi la shavu, na ustadhi, badala ya kunipa pole, aliuliza kama uzi umepona.

Jambo jingine lilikuwa namna ya kuishika. Niliiweka mapajani, ikateleza; nikaiweka mezani, meza ikawa juu; nikainuka nikaizunguka huku na huku nikitafuta upande wa kuiingilia, mpaka nikakumbuka mwamba wetu wa Nzambani, ambao wazee husema mwanamume akiuzunguka mara saba hugeuka mwanamke, nikahesabu mizunguko yangu, nikaona ni sita, nikaketi pale pale nilipofika.

Sasa kidole. Kanuni haipigwi kwa vidole vitupu. Kila kidole cha shahada huvikwa pete ya chuma, na baina ya pete na kidole hupachikwa kipande chembamba, mfano wa kucha, ndicho kigusacho nyuzi. Pete za darasani zilifuliwa kwa ajili ya vidole vya watu walioshika kalamu, ilhali mimi vyangu vimebeba magunia ya mchele miaka tisa. Ya kushoto iliingia kwa hiari. Ya kulia iliingia kwa nguvu, na ilipotakiwa kutoka ikakataa katakata, kidole kikavimba kikawa rangi ya zambarau, na wanafunzi wakagawanyika madhehebu mawili, wengine wakisema sabuni, wengine wakisema mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yakashinda, kwa kuwa huku hushinda katika kila jambo. Pete iliruka ikavuka dirisha ikaanguka uchochoroni, tukaitafuta sote kwa mienge ya simu chini ya mvua, na aliyeiona ni muuza kahawa, akatoza birika zima.

Siku ya sita tukafundishwa ngazi ya sauti iitwayo rasti, na hapa, Mjomba, nakuomba uvae miwani. Katika ngazi hiyo sauti ya tatu si ya juu wala si ya chini; iko kati, mahali ambapo mtu aliyelelewa kwa magita ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, kama mimi na wewe, haoni kuwa pana mahali. Kila safu ya nyuzi ina vibati vidogo vya kuinulia na kulazia ili sauti isogee kiasi hicho kidogo. Nilisogeza kibati kimoja, ustadhi akasema “umezidisha”, nikakirudisha, akasema “umepunguza”, na nilipomwuliza mpaka hasa uko wapi, alifumba macho akasema, “Upo, ila haupandwi kigingi.” Nikakukumbuka wewe na jirani yako na ule mstari wa minyaa, nikaona afadhali hakimu wenu asije akasoma rasti.

Nisifiche kuwa siku ya nane nilikata tamaa, nikamwambia ustadhi kuwa mambo haya yana wenyewe. Akanijibu kuwa hata hapa hayakuwa na wenyewe: Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 mpaka 1888, alipopenda muziki wa Misri alimpeleka huko mtu wake, Mohammed bin Ibrahim, akasome kanuni kisha aje awafundishe wengine, na katika mbegu hiyo ikamea taarabu, hata mwaka 1905 watu wakaunda chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingalipo. Nikafikiri kwamba yule alitumwa na mfalme akapelekwa Misri, nami nimejituma mwenyewe nikapanda daladala, kwa hiyo mwenye haki ya kurudi nyumbani mikono mitupu alikuwa yeye kabla yangu, naye hakurudi hivyo.

Usiku wa mwisho tukaalikwa kuketi nyuma ya wapigaji wenyewe katika majilisi ndogo, wapiga fidla, wapiga udi na mpiga dumbaki, na mimi nikapewa vipigo vichache katika bashraf, yaani muziki wa kufungulia usio na maneno. Nilivipiga, na naapa kuwa vingi vilikuwa vyenyewe. Lakini wimbo wa kwanza ulipoanza, bibi mmoja mwenye dhahabu na harufu ya udi alitoka kitini akicheza kwa madaha, noti mkononi, akanijia. Nami, kama mlivyonilea, nikaacha nyuzi, nikasimama, nikaipokea kwa mikono miwili na kuinama. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Noti ilikuwa ya mwimbaji, aliyesimama nyuma ya bega langu, kwani huku watu hutunza namna hiyo, nami nilikuwa njiani tu. Niliitoa, nikaketi, nikazitafuta nyuzi zangu, wimbo umekwisha fika ubeti wa pili.

Nilipomweleza ustadhi habari za mimbari na beberu, alicheka mpaka kofia ikadondoka, kisha akasema kuwa hamkukosea sana, kwani neno ni lilo hilo la sheria: ala hii sauti zake zikishawekwa zimewekwa, na nyingine zote hujilinganisha nayo. Hilo mnaweza kuwaambia watu mkipenda, ila si mbele ya chifu.

Kwa hiyo, Mjomba, kesi na isikilizwe bila mimi. Mwaitu, waambie kina mama taratibu, mmoja mmoja, baada ya ibada. Ustadhi ameniazima kanuni kuukuu ambayo ngozi yake imetoboka, nami nitakuja nayo Desemba nikijaliwa. Beberu msimchinje kabla sijafika. Nyama yake mtakula nyinyi, lakini ngozi naomba mniwekee, kwani nimeambiwa daraja la kanuni husimama hata juu ya ngozi ya mbuzi.

Wenu mtiifu,
Kamba Kochi wa Mutomo