Cheti cha Kiboko

Maktaba ya Kobe ilikuwa chini ya mkuyu, hapo Kibara, karibu na chanja za dagaa. Kobe alikuwa mzee wa siku nyingi: alikumbuka jirani yao wa Butiama alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa kule Dar es Salaam, Desemba 9, 1967. Yeye alikuwa na vitabu 41, vyote vimevishwa magazeti. Kile cha ufugaji wa nyuki kilikuwa na magamba ya sato katikati ya kurasa, maana Mnandi husoma huku anakula.

Akaja mkaguzi, Bwana Korongo, fomu kwapani. Mwongozo wake ulikuwa ule wa IFLA, shirikisho la maktaba la kimataifa, wa mwaka 2001: kitabu kimoja na nusu hadi viwili na nusu kwa kila mkazi, na kituo kidogo kabisa kisipungukiwe vitabu 2,500. Mwongozo wenyewe hauna ubaya, una kurasa nyingi za kuwajali wasomaji. Korongo aliishia kwenye hesabu.

"Mzee Kobe, mbona rafu tupu?"

"Vimeazimwa, Bwana Mkaguzi."

"Kisichokuwepo sikihesabu."

Wakaenda kwa Kiboko, mheshimiwa diwani. Jengo la bati jekundu, vitabu 3,000 vya msaada, vingi vya kufundisha kuendesha gari kwenye theluji, bado vimo kwenye maboksi. Ufunguo anao Kiboko, na Kiboko mchana kutwa yumo ziwani.

Tatizo likawa wakazi. Ukiwahesabu dagaa tu, kila mmoja hapati hata ukurasa. Kiboko akatoa pua majini.

"Tangu lini dagaa akawa mkazi? Dagaa ni kitoweo."

Hoja ikapita. Dagaa wakafutwa, furu wakafuata, na baada ya chakula cha mchana sato nao wakapungua sana. Hesabu ikakaa sawa. Kiboko akapewa cheti cha ithibati, daraja la kwanza, na picha zikapigwa.

Jioni mvua ikamzuia Korongo kuruka. Akatafuta cha kusoma. Kwa Kiboko kufuli. Akarudi mkuyuni, akaomba kile cha nyuki.

"Kiko kwa Kenge, kisha anakisubiri Pimbi," Kobe akasema, akifungua daftari. "Nikuandike wa tatu? Lakini nitahitaji mdhamini, mkazi wa hapa."

Korongo akapekua orodha yake mpya ya wakazi. Haikumchukua muda. Akamtaja Kiboko.

"Huyo hapana," Kobe akasema. "Tunamdai kitabu tangu masika ya juzi."