Sifa za Gego la Mwisho

Washairi wa pwani hawakuyanyima meno ya mbele haki yake: waliusifu mwanya, wakaufananisha weupe wa meno na lulu, lakini gego la mwisho, liitwalo jino la akili, likaalo nyuma ya kinywa kama mtawa pangoni, kwa nijuavyo halikubahatika kupata hata ubeti mmoja, na mimi niliyekuwa mwenyeji wake hapa Kunduchi naona ni wajibu wangu kuliondolea dhuluma hiyo.

Kwanza, nasaba yake ni tukufu. Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa miaka milioni 1.75 hivi iliyopita, ambaye magego yake yalikuwa mapana ajabu, na yale ya mwisho ndiyo kwanza yalikuwa yakichomoza. Na fuvu hilo, amana ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ni shahidi kwamba palikuwa na zama ambazo gego hili lilikuwa na kazi ya kufanya na uwanja wa kuifanyia. Sisi wa wali wa nazi na mkate wa kumimina tumejaliwa taya fupi, kisha tunalilaumu jino kwa ufinyu wa nyumba yetu.

Pili, halina haraka. Meno 28 hutangulia; lenyewe hungoja mtu atimize miaka 17, pengine 25, na Aristotle aliandika habari za wanawake waliolipata kwa uchungu katika umri wa miaka 80. Likifika hukuta mkeka wa karamu umejaa. Na kwa kuwa si desturi ya mgeni mtukufu kurudi na njaa, hujilaza ubavu na kumsukuma jirani kwa kiwiko.

Lakini fadhila yake kuu ni elimu. Usiku mmoja, wavuvi wameshaelekea baharini nami nimeshashiba pweza, ufizi uliolifunika gego langu ulivimba hata kinywa kikakataa kupisha vidole viwili. Mke wangu aliniwekea karafuu, ambayo mafuta yake hata madaktari wa meno huyatumia kutuliza maumivu, nikapata nafuu ya saa moja. Kwa siku tatu mimi, mpiga soga mashuhuri wa barazani, sikutamka neno. Na majirani wakashuhudia kwamba hawajapata kufaidi hekima yangu kiasi kile.

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Wangu alipewa koleo. Daktari alinidunga sindano ya ganzi, akapasua ufizi, akapunguza mfupa, akaligawa jino vipande viwili, akavitoa na kushona. Kisha akaniusia niume pamba, nisivute sigara wala kunyonya kinywaji kwa mrija, ili bonge la damu lililofunika tundu lisibanduke na kuuacha mfupa uchi.

Basi, ndugu msomaji, si kila gego la mwisho lastahili hukumu hiyo. Likisimama wima bila ya kukudhuru, lisafishe kwa mswaki, uliache likae na wenziwe. Bali likilala na kukuuma, liwahishe kwa daktari kabla kinywa hakijafunga, kwani hiyo ndiyo akili ya kwanza lifundishayo, nami niliipata kwa kuchelewa.