Mkebe Kamili, La Sivyo Usimame

Kila Januari hubandika ukutani karatasi ya manila yenye masharti ya jiometri kwa Kidato cha Kwanza. Sharti la kwanza: kila mwanafunzi aje na mkebe kamili, yaani rula, bikari, kipimapembe, zile pembetatu mbili za plastiki, penseli iliyochongwa na kifutio. Asiye navyo atasoma akiwa amesimama.

Ningelishika sharti hilo kama lilivyoandikwa, kila kipindi kingekuwa gwaride.

Mkebe huwa kamili tangu dukani hadi kengele ya mapumziko ya kwanza. Zinazotangulia kupotea ni pembetatu, na hakuna ajuaye ziendako. Bikari yenyewe huajiriwa kwingine: inatoboa mkanda wa suruali, inachomoa mwiba, inachonga majina ya wapenzi kwenye madawati ya serikali. Ikirudishwa kwenye hisabati skrubu imeshalegea. Mtoto anachora duara huku miguu ya bikari ikipanuka taratibu, na mwisho wa mstari unapita kando ya mwanzo wake bila salamu, kama ndugu waliogombania kiwanja. Wasio na bikari kabisa hutumia kifuniko cha chupa ya maji. Ukitaka duara la nusu kipenyo cha sentimita 5 unapewa la kifuniko. Ukitaka la sentimita 8, la kifuniko.

Haya ningeyaweza. Kinachonishinda ni kwamba historia ya jiometri iko upande wao.

Binti mmoja alinionyesha bikari yake. "Mwalimu, haishiki." Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumsimamisha, nikamkumbuka Euclid wa Alexandria, yapata miaka 2,300 iliyopita. Bikari ya Euclid nayo haishiki! Katika kitabu chake cha Elements, ukiiinua tu kwenye karatasi huhesabiwa kuwa imejifunga, na hoja ya pili kabisa ya juzuu la kwanza inaeleza namna ya kuhamisha urefu hivyo hivyo. Nikamwambia akae.

Akafuata aliyekuwa na bikari bila rula. Huyu anatetewa na Mwitaliano Lorenzo Mascheroni, ambaye mwaka 1797 alionyesha kwamba nukta yoyote inayopatikana kwa rula na bikari hupatikana kwa bikari peke yake. Georg Mohr wa Denmark alikuwa ameshalisema hilo mwaka 1672. Nikawasimulia darasa, na kipindi kilichofuata rula zilikuwa zimesahaulika nyumbani kwa wingi wa kutisha. Mwenye rula bila bikari naye ana wakili: Jakob Steiner, Mswisi, 1833. Kwake rula inatosha, mradi duara moja na kitovu chake viwe vimeshachorwa. Kijana wa dawati la nyuma akamwomba jirani amchoree duara moja, akalitunza katikati ya daftari kama cheti cha kuzaliwa. Na ile bikari iliyoshikwa kutu wakati wa masika, isiyofunguka wala kufunga? Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyeishi Baghdad karne ya 10, aliandika namna ya kuchora maumbo kwa bikari yenye upana mmoja usiobadilika.

Nimebaki na penseli tu. Sijaona mwanahisabati aliyetetea penseli butu.

Sharti la pili linamtaka mzazi asaini. Wengi husaini bila kusoma, na ninawaelewa. Mmoja alikuja mwenyewe, fundi ujenzi, suruali ina saruji magotini.

"Habari za kazi, mwalimu. Huu mkebe ni wa nini hasa?"

Nikamweleza kwamba bila bikari mtoto hawezi kuchora pembe mraba. Akacheka kwa adabu, akatoa kamba mfukoni, akanivuta hadi kwenye bustani ya maua mbele ya ofisi. Akapima tatu upande huu, nne upande ule, akakaza tano katikati. "Kona ikikataa tano, haijakaa skwea. Na hii yenu imekataa." Bustani hiyo waliichora walimu wa hisabati. Kisha akasaini kwa penseli ya fundi, ile bapa, na sahihi yake ikafunika masharti matatu ya chini. Hayo sijawahi kumdai mwanawe.

Sharti la mwisho linahusu nidhamu ya hoja: usidai usichoweza kuthibitisha. Muhula huu kijana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono kutangaza kwamba ameigawa pembe ya nyuzi 60 mara tatu sawasawa. Alikuwa ameunganisha ncha za mikono miwili ya pembe iliyo sawa kwa urefu, akaugawa mstari huo vipande vitatu. Kwa njia hiyo pembe ya katikati hutoka karibu nyuzi 22 na za pembeni 19 kila moja, lakini kipimapembe chake kimefutika namba, kwa hiyo kwake zote ni 20.

Nikamwambia kazi hiyo, kwa rula isiyo na alama na bikari, haiwezekani. Alithibitisha Mfaransa Pierre Wantzel mwaka 1837, akiwa na miaka ishirini na kitu tu.

Akafikiri kidogo.

"Samahani, mwalimu. Huyo mkebe wake ulikuwa kamili?"