Tumbo, Joto na Marathoni ya Kisiwani

Alhamisi

Basi la usiku kutoka Nairobi limefika Mwembe Tayari alfajiri. Kiyoyozi kilizima tulipokaribia Voi, na madirisha ya basi hayafunguki. Nimeshuka na sweta mkononi, shati limegandama mgongoni, na tumbo linanguruma tangu Mtito Andei, nilikokula wali kwa kuku usiku wa manane.

Tuktuk imenifikisha kona ya Kibokoni. Hapo mkokoteni wa maji ulikuwa umeziba uchochoro na mwenyewe amekwenda kunywa kahawa. Nimejitwika begi nikapita ubavuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawijika hivi?"

Nyumba ya shangazi ni ya kale, ya mawe ya matumbawe, na ngazi zake ni kali hata ukutani imefungwa kamba ya kushikia. Chumba changu kiko juu kabisa. Choo kiko chini kabisa. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimekijua kila kidato. Mahamri na mbaazi nilizowekewa zilikaa mezani mpaka paka wa jirani akaingia dirishani akala yeye.

Ijumaa

Nimekwenda kuchukua namba ya kifuani ya marathoni ya Jumapili. Foleni ilikuwa juani. Bahasha yenye jina langu ilikuwa na namba ya mtu mwingine na fulana ya mtoto. Kijana wa mezani alikata jina kwa kalamu, akaandika langu juu yake, akaniambia inatosha.

Nimepitia duka la dawa. Mhudumu, mama wa makamo, alinipima joto kabla hajaniuliza nataka nini. Halijapanda. Nilimwomba ibuprofen kwa ajili ya Jumapili akanikatalia, na sababu yake nimeiandika hapa kwa sababu wakimbiaji wengi niwajuao humeza vidonge hivyo kama peremende: mwili uliopungukiwa na maji huzipelekea figo damu kidogo, na dawa hiyo huibana zaidi. Badala yake alinipa pakiti za ORS, chumvi ya kurudisha maji mwilini. Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Zikikwisha, alisema, lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maji matupu mengi nayo alinionya: kwa mtu anayeharisha na kutoka jasho saa nyingi huzimua chumvi ya damu, naye akaanguka huku tumbo limejaa maji.

Niliporudi nilikuta shangazi amenifulia viatu vya mbio kwa sabuni ya unga na kuvianika darini, kwa mapenzi yake, kwa kuwa vilinuka safari. Magharibi vilikuwa bado vinachuruzika. Tumevijaza magazeti.

Jumamosi

Viatu havijakauka. Nimevishika mara kwa mara siku nzima, na vimenieleza hewa ya hapa kuliko utabiri wowote wa redioni. Jasho humpoza mkimbiaji pale tu linapokauka kwenye ngozi. Hewa iliyokwisha kushiba unyevu hailipokei. Linadondoka chini bure, na joto linabaki ndani. Viatu vimekaa darini, juani, upepo wa bahari unavuma, na soli ya ndani bado ni tope. Ngozi yangu kesho haitapata nafuu kuliko hivyo.

Jioni tumetembea na binamu yangu hadi Mama Ngina, kando ya uwanja wa gofu. Hapo ndipo yalipofanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika tarehe 24 Machi 2007. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa bingwa asiyeshindwa tangu 2002, miaka mitano mfululizo, mbio fupi na ndefu. Katika mzunguko wa mwisho mwili ulimgomea, akatoka njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda, Moses Mosop wetu akawa wa pili. Wengi wengine hawakumaliza siku ile. Binamu alikuwa mtoto. Anakumbuka watu walivyoshangilia Bekele aliposimama. Mimi naona aliyesimama siku ile alistahili heshima sawa na aliyeshinda. Alikuwa mzima, kijana, mwenye mapafu ya nyanda za juu, na joto la Mombasa likamweleza basi, naye akasikia.

Binamu alinipinga kwa kunitajia John Stephen Akhwari wa Tanzania. Nami nampenda Akhwari. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, 1968, alianguka, goti likaumia, akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde, na dunia haijamsahau. Lakini goti ni goti. Homa ni jambo jingine: maambukizi yanaweza kufika kwenye moyo, na moyo wenye maambukizi ukilazimishwa kukimbia kwa saa nne unaweza kusimama. Hilo halina uhusiano na ushujaa.

Kwa hiyo tumekubaliana usiku huu, na shangazi ni shahidi. Tumbo limetulia tangu jana, joto la mwili ni la kawaida, nitaanza. Nikihisi baridi, kizunguzungu au kichefuchefu, nasimama. Binamu atanifuata kwa bodaboda, na neno lake litapita langu, maana kichwa kilichopata joto si cha kuaminiwa kuamua.

"Nawe usimwonee haya," shangazi alimwambia. "Mvute kwa fulana."

Jumapili

Umeme ulikatika usiku, simu haikupata chaji, kengele haikulia. Adhana ya alfajiri ndiyo iliyoniamsha. Viatu vilikuwa na unyevu. Nimevivaa hivyo hivyo.

Mbio zilikuwa zianze saa kumi na mbili. Zilichelewa, na tulipoachiwa jua lilikuwa limeshapanda. Njia ilikuwa mizunguko ndani ya kisiwa: Digo Road, Moi Avenue chini ya sanamu za pembe za ndovu, kushukia Mama Ngina, kurudi Fort Jesus. Mzunguko wa kwanza nilikimbia taratibu na nilifurahi kweli. Watoto walitumwagia maji kwa vikombe vya plastiki, na mzee mmoja alikuwa ametoa kiti chake barabarani akimpigia makofi kila apitaye.

Meza ya maji karibu na uwanja wa gofu ilikuwa imebakiwa na soda tu. Nilikuwa na chupa yangu ya ORS, nikanywa hiyo.

Nusu ya njia ilipopita, jua likiwa kali, malaika ya mikononi yalisimama. Nilisikia baridi. Jasho lilikuwa limepungua. Nilimwona binamu mbele yangu amesimamisha pikipiki, naye alikuwa akiniangalia usoni, si miguuni. Hakunivuta fulana. Nilisimama mwenyewe.

Alinikalisha chini ya mbuyu, akanimwagia maji shingoni na makwapani, akanipepea kwa kipande cha boksi. Mwandalizi mmoja alifika na daftari, akasoma namba kifuani, akaandika hakumaliza kwenye jina la yule mtu mwingine. Tulimrekebisha. Hatua chache kutoka kwetu msichana alikuwa akitapika huku rafiki zake wakimhimiza aendelee, wakimwambia imebaki kidogo. Binamu aliwaendea. Msichana alikaa nasi kivulini mpaka gari la huduma ya kwanza lilipokuja, na lilichukua muda mrefu.

Jumatatu

Uji wa mchele, tangawizi, usingizi. Joto la mwili lilipanda kidogo jana jioni na limeshuka leo. Viatu vimekauka.

Yule msichana ametuma salamu: amelala hospitali usiku mmoja, ametundikiwa maji, yu salama.

Kwenu mnaoandaa mbio za pwani: anzeni mara baada ya swala ya alfajiri, na msichelewe. Wekeni ORS kwenye kila meza, si soda. Na katika kila meza awepo mtu mmoja mwenye kipimajoto na ruhusa ya kumtoa mkimbiaji barabarani hata akikataa, maana si kila mtu anafuatwa na binamu.