Wageni Sita wa Kegonga, Tukianza na wa Mkiani

London hujigamba kwamba lugha zaidi ya 300 huzungumzwa humo. Hongera zao. Lakini huko kuna ndege na treni za chini ya ardhi za kuwaleta watu. Sisi huku Kegonga, kwa Wakuria wa Kenya, tuna bodaboda, na bado wanakuja.

6. Mtumishi wa serikali
Huletwa na barua, huuliza mtandao unashika wapi, kisha huanza kuandika barua ya uhamisho. Tungemsema zaidi, ila hakai.

5. Mkisii wa ndizi
Kikisii na Kikuria ni ndugu, kwa hiyo akikusengenya mbele yako ajue umesikia. Bei ya mkungu hupandishwa kwa Kikisii, hushushwa kwa Kikuria, na mkalimani hana kazi.

4. Mjaluo wa omena
Katoka upande wa ziwa, Muhuru Bay au Sori, na gorogoro lake. Atamimina omena mpaka zifanye kilele, roho yako itulie. Halafu kiganja kinapita juu, kwa bahati mbaya tu, na kilele kinarudi guniani. Ukinung'unika anakuongezea konzi moja, anakuita "customer wangu", nawe unashukuru kwa kupewa kilichokuwa chako.

3. Mmaragoli
Wazee wake walishukia Nyanza Kusini enzi za mkoloni wakitafuta shamba, kwao kukiwa kumejaa. Mwite mgeni leo, akuulize ukoo wako ulihamia lini. Badilisha mada.

2. Mkuria wa ukoo mwingine
Hapa sasa utani unapungua. Upande wa Kenya koo ni nne: Abakira, Abagumbe, Abanyabasi na Abairege. Kegonga ni kwa Abanyabasi. Mtu wa Ntimaru, kwa Abairege, anaweza kuoa hapa, akajenga, akawa mzee wa kanisa. Ng'ombe mmoja akipotea usiku, kufikia asubuhi kila mtu amekumbuka kwamba yule ni Mwirege. Mjaluo wa namba 4 wala hakatizwi usingizi.

1. Mtanzania
Huyu ndiye mgeni kamili: kitambulisho kingine, shilingi nyingine, na shikamoo zake zinawaaibisha vijana wetu mbele ya wazee. Shida ni kwamba anaitwa Mwita, na mama yake ni shangazi yetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka wa kutoka pwani hadi ziwani. Mlima Kilimanjaro ulizungukwa kwa heshima. Wakuria tukapitiwa katikati. Basi Mwita hutoka Tarime kwa njia ya shambani kuja harusini. Anakula, anapigiwa litungu, anatunza bibi harusi, wote tunamwita ndugu. Ni pale anapoulizia ng'ombe wa mahari ya dada yake waliobaki, ndipo mtu anamwomba pasipoti.