Sifa za Futi Kumi kwa Kumi

Anayesita kuhamia chumba kimoja hujiuliza kama kitamtosha. Swali hilo ni utovu wa adabu. Pale Manzese na Tandale, jijini Dar es Salaam, futi 10 kwa 10 zimewatosha watu wazima na heshima zao. Wameoa humo, wamesomesha humo, na wengine wamekusanya matofali ya kujengea Kibamba wakiwa humohumo.

Udogo una nasaba, tena nasaba nzuri. Matajiri wa Lamu na Unguja, waliopamba zidaka zao kwa sahani za Kichina, walilala katika vyumba vyembamba. Dari zao nzito za mawe na chokaa zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikikaribia mita tatu huanza kusalimu amri. Basi chumba kilirefushwa walivyopenda, lakini upana uliamuliwa na mti. Majahazi yakazipeleka boriti hizohizo Omani na kwingine Ghuba, na huko nako mabwana wakubwa wakabanana vilevile. Mpangaji wa Manzese ni ndugu yao, kasoro sahani.

Wamarekani wamegutuka juzi tu. Siku hizi wako wanaouza majumba yao na kuhamia nyumba ndogo kwa hiari, wakipigwa picha wanatabasamu. Kanuni zao za mfano za ujenzi za mwaka 2018 zinaitambua nyumba ndogo kuwa isiyozidi futi za mraba 400, bila kuhesabu roshani ya kulala. Piga hesabu: hivyo ni vyumba vinne vya Manzese, yaani kaya nne, na wageni wao. Mwenzao wa zamani, mwandishi Henry David Thoreau, alijenga kibanda cha futi 10 kwa 15 kando ya bwawa la Walden mwaka 1845, kwa dola 28 na senti chache, akakaa miaka miwili na miezi miwili, akaja kutoa kitabu kinachosomwa hadi leo. Kwetu mtu hukaa miaka kumi na mitano na hajaandika hata barua ya kumlalamikia mwenye nyumba kuhusu choo. Mwenye subira ni nani hapo?

Lakini tuyaache ya vitabuni, tuinamie uvungu. Mtu wa nyumba kubwa hukidhania kitanda kuwa ni cha kulalia. Katika chumba kimoja kitanda ni paa la ghala. Chini yake kuna ndoo ya unga, madumu ya maji ya akiba, jiko la mkaa la siku gesi inapoisha, viatu vya msibani, begi la vyeti vya shule pamoja na hati ya kiwanja ambacho barabara haijakifikia, na panya aliyehamia kabla yako. Mahitaji yakizidi, kila mguu wa kitanda unawekewa tofali, na hapo umeshapandisha ghorofa bila kibali cha manispaa.

Uvungu ukijaa, umejaa. Ndipo chumba kinapoanza kusema hapana kwa niaba yako, nawe ukabaki mtu mwema. Sofa la mkopo? Halina pa kukaa. Baba mkwe anapopiga simu kwamba anakuja mjini kwa matibabu ya wiki mbili, mwenye vyumba vitatu hana pa kujificha. Wewe unajibu kwa huzuni ya kweli kabisa: "Baba, tungefurahi mno, ila ndiyo hivyo, chumba ni kimoja." Mzee mwenyewe anashtuka, maana hawezi kulala palipo na kitanda cha binti yake. Anapelekwa Tabata kwa shemeji yako, yuleyule aliyekucheka ulipohamia.

Habari nazo zinaingia bure. Ukuta haufiki kwenye bati, kwa hiyo bao la Yanga linakufikia kutoka king'amuzi cha jirani kabla mpira haujavuka nusu ya uwanja kwenye cha kwako. LUKU ya pamoja inafundisha siasa: uniti za umeme zikiisha usiku, wapangaji hukutana koridoni gizani, kila mmoja akiapa kwamba yeye ana taa moja tu, huku mwenye friji amelala fofofo.

Kuna mahali sifa hizi zinanikwama kooni, nami sitapafunika. Shuka iliyotundikwa kwenye kamba hugawa chumba, upande mmoja ukawa sebule, na mgeni mwenye adabu halivuki pazia hilo. Lakini mtoto wa darasa la pili si mgeni. Analala macho. Wazazi hujikuta wananong'ona hata habari za bei ya sukari, mpaka siku anapofungiwa nguo zake na kupelekwa kwa bibi Korogwe, kwa maelezo kwamba huko shule ni nzuri. Hilo halisifiki.

Kama bado huna mtoto wa umri huo, mjibu dalali kabla hajampata mwingine. Ataomba kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja iwe yake, ujira wa kukuonyesha mlango. Mlango wenyewe upime kabla hujahesabu noti. Kitanda cha sita kwa sita hakipiti mpaka kifunguliwe, na kikishaungwa ndani, mlango utafunguka nusu tu.